Agizo Lisilochambuliwa Humpita Fundi Mlangoni

Msafiri atokaye mjini Kisii kuelekea Keroka hana budi kupitia Keumbu, na apitiaye Keumbu hana budi kuona ndizi. Soko hilo la Nyaribari Chache limejijengea jina kwa mikungu inayoteremshwa kutoka vilima vya jirani. Mchuuzi wa hapo hahitaji kufunzwa hesabu ya kugawa. Kwake yeye mkungu si kitu kimoja. Ni chane kadhaa, na kila chane ni ndizi kadhaa. Kabla hajatoa senti mfukoni kumlipa mkulima, amekwisha kuufumua mkungu huo akilini: sehemu ya kuuzwa kwa abiria wa matatu, sehemu ya kupelekwa hotelini, na sehemu ya kungojea iive. Bei anayotaja haitoki hewani. Inatokana na vipande.

Kando ya barabara iyo hiyo, kama ilivyo katika masoko mengi ya Gusii, wako maseremala na wachomeleaji vyuma. Hao nao ni watu wa bidii, na mikono yao haina kasoro. Lakini oda wanazopata ni za kitanda kimoja, kabati moja au lango moja. Oda ya madawati mia nne ya shule zilizo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka karakana zao huwapita, ikaenda kwa mwanakandarasi aliye mbali. Tukiuliza sababu, tutajibiwa kwamba fundi mdogo hana mtaji, hana mashine wala hana mjomba afisini. Majibu hayo yana ukweli, na mwandishi wa makala haya hakusudii kuyapuuza. Hata hivyo, ipo sababu moja ambayo haisemwi sana, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi ya mwalimu na mwanafunzi. Agizo kubwa humpita fundi mdogo kwa kuwa hakuna aliyelichambua.

Mintarafu ya suala hili, tukumbuke jambo lililotokea si zamani sana. Mnamo Mei 23, 2020, taifa likiwa limebanwa na janga la korona, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa kufufua uchumi wa thamani ya shilingi bilioni 53.7. Wizara ya Elimu ilitengewa shilingi bilioni 6.5 kati ya hizo, na miongoni mwa shughuli zilizotajwa ilikuwa kununua madawati 250,000 yatakayotengenezwa humu humu nchini. Nia ilikuwa njema bila shaka. Mtoto angepata mahali pa kuketi, na seremala aliyepoteza wateja angepata riziki. Leo pia, katika mpango wa nyumba za bei nafuu, serikali imesema mara kadhaa kwamba milango na madirisha yafaa yatoke kwa mafundi wa jua kali.

Swali ambalo yafaa tujiulize ni hili: fundi wa Keumbu anaposikia "madawati 250,000", anasikia nini? Anasikia mlima. Hata zikifikishwa wilayani na kugawanywa kwa shule, tarakimu hizo bado zinamjia kwa jina la kitu kizima, yaani dawati kamili. Mwenye msumeno na randa peke yake hawezi kujitokeza. Mwenye mashine ya kuchomelea vyuma lakini hana mbao hawezi kujitokeza. Kijana aliyehitimu juzi katika chuo cha ufundi, anayejua kupiga msasa na vanishi tu, hana nafasi. Kila mmoja wao anaweza sehemu ya kazi, lakini sehemu hiyo haikuandikwa popote.

Kuchambua agizo la kazi ni nini, basi? Ni kulichukua jina la kitu kilichoagizwa na kulishusha ngazi kwa ngazi hadi kufikia vitu vinavyoweza kununuliwa dukani au kukatwa kwa msumeno. Tuchukue mfano ambao mwalimu anaweza kuuandika ubaoni kesho asubuhi. Tuseme shule imeagiza madawati 60, kila moja la kukaliwa na watoto watatu. Dawati moja lina pande mbili za kulisimamisha. Kila upande una vipande vinne vya mbao nene: mguu mrefu unaobeba meza, mguu mfupi unaobeba kiti, kipande cha chini kinachoiunganisha miguu hiyo, na kipande cha juu cha kulazia meza. Hivyo ni vipande vinane. Juu ya pande hizo huwekwa mbao sita, kila moja yenye urefu wa futi tano: mbili za meza, mbili za kiti, moja ya rafu ya vitabu, na moja ya kuegemeza miguu. Jumla ni vipande 14 kwa dawati moja.

Kwa madawati 60, agizo lililokuwa na neno moja sasa lina vipande 840, yaani vipande 480 vya mbao nene na mbao 360 za futi tano. Mara hesabu nyingine inajitokeza. Fundi akinunua mbao za futi 12, kila moja itampa vipande viwili vya futi tano na kumwachia masalio ya futi mbili. Atahitaji mbao 180, na masalio yatakuwa futi 360. Hizo ni sawa na mbao 30 nzima, au sehemu moja katika sita ya mbao zote alizozilipia. Akinunua za futi 10, masalio ni unga wa msumeno tu, mradi akubaliane na mteja kuhusu ule upungufu mdogo unaoliwa na meno ya msumeno. Fundi asiyechambua huligundua jambo hili siku ya mwisho, anapoiona faida yake imelala sakafuni pamoja na takataka.

Kadhalika bolti. Ikiwa kila dawati linahitaji 16, madawati 60 yanahitaji 960. Lakini fundi ana bolti 260 zilizobaki katika kazi nyingine, kwa hiyo anahitaji 700 tu. Kama duka huuza pakiti za bolti mia moja, atanunua pakiti saba, wala si kumi. Ni hesabu ya darasa la nne, lakini karakana nyingi haziifanyi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaonyesha wenye karakana hizo kwamba kujumlisha na kutoa ni vyombo vya useremala kama ilivyo nyundo.

Baada ya vipande huja siku. Tuseme kununua na kusafirisha mbao huchukua siku mbili, kukata na kutoboa siku nane, kuunganisha siku tano, na kupaka rangi hadi ikauke siku tatu. Jumla ni siku 18. Shule ikitoa siku 20, fundi ana siku mbili za dharura. Ikitoa siku 14, anajua tangu mwanzo, kabla ya kutia sahihi, kwamba peke yake hawezi. Lakini pia anajua pale inapobana: katika kukata. Akimpa jirani nusu ya vipande avikate wakati mmoja na yeye, siku nane zitakuwa nne, na kazi yote itakwisha siku ya 14. Asiyejua hesabu hii hupokea malipo ya awali, huyatumia yote kwa madawati ishirini ya kwanza, kisha hurudi kwa mwalimu mkuu na visingizio. Mwalimu mkuu naye huapa kutompa fundi wa kijijini kazi tena. Hivyo ndivyo imani inavyovunjika. Aghalabu chanzo si wizi, ni kutohesabu.

Katika viwanda vya nchi zilizoendelea jambo hili limekuwa elimu kamili kwa zaidi ya nusu karne. Joseph Orlicky, mtaalamu wa kampuni ya IBM nchini Marekani, alichapisha mwaka 1975 kitabu kilichoeleza jinsi ya kupanga mahitaji ya kiwanda. Msingi wake ni mwepesi mno. Idadi ya bidhaa watakazotaka wateja hatuna budi kuikisia, lakini idadi ya vipande vinavyoziunda haifai kukisiwa kamwe, maana inaweza kuhesabiwa. Ukishajua kwamba unatengeneza baiskeli mia moja, huna haja ya kubashiri magurudumu. Kompyuta ziliifanya hesabu hiyo iwe ya haraka, lakini hazikuivumbua. Kalamu na karatasi ya mistari vinatosha kwa karakana ya watu watatu.

Labda atatokea msomaji aseme kwamba hayo ni mambo ya wageni, na kwamba mila ya ufundi wetu ni kitu kizima kutoka mikononi mwa mtu mmoja. Ni kweli kwamba kigoda cha kale cha Wagusii huchongwa katika gogo moja, bila kiungo wala msumari, kisha hupambwa kwa shanga. Ni kazi ya fahari. Lakini kigoda cha namna hiyo kiliagizwa kimoja kimoja. Hata katika Gusii yenyewe, pale soko lilipokua, kazi iligawanyika. Katika machimbo ya mawe ya Tabaka, anayechimba jiwe si lazima awe anayelichonga, na anayelichonga aghalabu siye anayelisugua kwa msasa na maji hadi likang'aa. Kazi hiyo ya kusugua hufanywa sana na wanawake. Sanamu moja iliyoagizwa kutoka ng'ambo imepitia mikono kadhaa kabla ya kufungwa katika sanduku.

Mfano mwingine u jikoni mwetu. Jiko la makaa lenye udongo ndani na bati nje, ambalo leo limo katika nyumba nyingi mijini, lilienea nchini tangu mapema katika miaka ya 1980, likiwa limeigwa kwa sehemu kutoka jiko la ndoo la Thailand. Siri moja ya kuenea kwake ni kwamba halikuhitaji kiwanda kikubwa. Mafundi wa bati, kama wale wa Shauri Moyo jijini Nairobi, walitengeneza ganda la nje. Wafinyanzi walitengeneza kikombe cha udongo cha ndani. Mfinyanzi hakuhitaji kujua kukunja bati, wala fundi wa bati hakuhitaji tanuri la kuchomea udongo. Jambo moja tu lilihitajika, nalo ni kipimo. Kikombe kikizidi ganda hakiingii. Kikipungua kinacheza na kupasuka.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kugawana kazi bila kipimo kimoja ni kugawana hasara. Karakana tano za Keumbu zinaweza kukubaliana kutengeneza madawati mia tatu, hii ikikata miguu, ile ikiranda mbao, nyingine ikitoboa, lakini mashimo yasipokutana siku ya kuunganisha, lawama zitakuwa nyingi kuliko madawati. Dawa yake ni kigezo, yaani kipande kimoja cha mfano kilichopimwa kwa uangalifu, ambacho kila karakana hukilaza juu ya mbao yake kabla ya kukata au kutoboa. Kigezo cha mguu mrefu ni kimoja kwa wote, na hakuna fundi anayekibadilisha kwa kuwa yeye ana uzoefu wa miaka ishirini.

Ulimwengu una mfano mzuri wa jambo hili, nao pia ni wa seremala. Mwaka 1859 Michael Thonet, aliyezaliwa Ujerumani na kufanyia kazi yake katika milki ya Austria, alitoa kiti kilichojulikana kama nambari 14. Kilikuwa na vipande sita vya mbao zilizopindwa kwa mvuke, skrubu kumi na nati mbili, basi. Viti 36 vilivyofumuliwa viliingia katika sanduku lenye ujazo wa mita moja ya mraba kwa kimo cha mita moja, vikasafirishwa na kuunganishwa huko huko vilikouzwa. Kufikia mwaka 1930 viti takriban milioni 50 vilikuwa vimeuzwa. Thonet hakupata soko hilo kwa kuwa mbao zake zilishinda za kila mtu. Alipata kwa kuwa alijua kiti chake ni vipande vingapi.

Zipo pingamizi mbili ambazo hatuna budi kuzijibu. Ya kwanza ni ya kisheria. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inakataza taasisi ya umma kuvunja zabuni moja kuwa kadhaa kwa nia ya kukwepa taratibu za ununuzi, na maafisa wengi huihofia kauli hiyo. Lakini ni lazima tutofautishe mambo mawili. Kuvunja zabuni kwa siri ili rafiki apewe bila ushindani ni ufisadi. Kuchambua agizo hadharani ili watu wengi zaidi washindane ni kinyume chake. Sheria iyo hiyo inataka angalau asilimia 30 ya ununuzi itengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na utaratibu wa kuwapendelea unaruhusu bidhaa kugawanywa kwa viasi wanavyoweza kuvimudu. Afisa anayetangaza "madawati 400" na kufunga kitabu hajavunja sheria, lakini hajaitimiza roho yake. Angeambatisha orodha ya vipande, michoro na kigezo, chama cha mafundi wa soko moja kingeweza kuomba kazi kwa pamoja na kukaguliwa kwa pamoja.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, maana inahusu utu. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776, alieleza jinsi watu kumi walivyoweza kutengeneza pini 48,000 kwa siku kwa kugawana hatua za kazi, ilhali mmoja akiwa peke yake pengine asingemaliza ishirini. Watu hukariri sehemu hiyo na kuacha nyingine: Smith huyo huyo alionya kwamba mtu anayemaliza maisha yake akirudia tendo moja dogo hudumaa akili. Je, tunataka kijana wa Keumbu akate miguu ya madawati hadi uzeeni?

La hasha. Lakini tofauti ipo kati ya mtu aliyepewa kipande na mtu anayejua kipande chake kinakwenda wapi. Katika kiwanda cha pini, mpango mzima ulikuwa kichwani mwa mwenye kiwanda. Katika ushirika wa mafundi, orodha inaweza kubandikwa ukutani isomwe na wote. Anayekata miguu mwezi huu anaweza kuunganisha mwezi ujao, na mwaka unaofuata akawa yeye ndiye anayechambua. Kinachodumaza akili ni kunyimwa orodha.

Hapa ndipo shule inapoingia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wazazi walichanga fedha kwa moyo wa harambee kujenga karakana, na wanafunzi wakafunzwa sanaa na ufundi. Shule nyingi hazikupata vifaa, na baadaye masomo hayo yakapunguzwa. Lakini hata palipokuwa na vifaa, aghalabu mwanafunzi alifunzwa kutengeneza kitu kimoja: kigoda kimoja, rafu moja, mwiko mmoja. Alitahiniwa kwa ulaini wa kiungo. Hakuulizwa kamwe: "Ukiagizwa hamsini, utanunua nini, siku gani, kwa kiasi gani, na utamwita nani akusaidie?" Tulifundisha mkono tukasahau agizo.

Mtaala wa umilisi, uliofika Gredi ya 7 mnamo Januari 2023, umewarudisha wanafunzi kwenye masomo ya utangulizi wa ufundi. Ni nafasi ya pili, na nafasi ya pili haiji kila mara. Mwalimu wa hisabati anaweza kuliweka dawati mbele ya darasa na kuwataka wanafunzi walifumue katika karatasi: vipande vingapi, vya urefu gani, kwa ubao upi wenye masalio machache zaidi. Mwalimu wa biashara aweke bei. Mwalimu wa Kiswahili naye ana sehemu yake, kwa kuwa orodha isiyo na majina ya wazi ni chanzo cha ugomvi. Kama karakana moja inasema "mguu" na nyingine inauita mguu huo huo "nguzo", vipande vitapotea. Vyuo vya ufundi vya kaunti, pamoja na taasisi kubwa kama Kisii National Polytechnic, vinaweza kuandaa vigezo na kuviazima kwa vikundi vya mafundi, kwa ada ndogo au bila ada.

Gharama ya hayo yote ni karatasi, futi ya kupimia na subira. Hatungojei mkopo kutoka ng'ambo wala kiwanda cha mabilioni. Madawati yetu yatavunjika, madarasa yataongezeka, na maagizo yatakuja tena, kwani watoto hawaachi kuzaliwa. Yatakapokuja, fundi wa Keumbu aweze kulitazama agizo kama jirani yake wa sokoni anavyoutazama mkungu, akijua chane zake na hesabu ya kila chane. Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole vitano navyo havitavunja kitu kama havijui kwamba ni vya mkono mmoja.